Baiskeli Si Chombo cha Moto

Mama alipita taa nyekundu amesimama juu ya pedali, moshi ukimfuata nyuma, na mwanamume ambaye moyoni nilikuwa nimeshakubali kuolewa naye akatia filimbi mdomoni akapuliza.

Mimi nilikuwa ng'ambo ya barabara na furushi la mashuka kichwani. Nikafumba macho. Nilidhani nikifumba macho mambo yatakuwa hayajatokea, lakini masikio hayana kope, na filimbi ile ilikuwa ndefu.

Niwaeleze kwanza habari ya huo moshi, msije mkadhani mama aliungua. Mama yangu alikuwa dobi. Madobi wengine hufua, hupiga pasi, hukunja, hupeleka, basi wamemaliza. Mama hapana. Yeye alisema nguo ikifungwa kwenye furushi, ikarushwarushwa katika mashimo yote ya barabara yetu, inamfikia mwenyewe ikiwa na mikunjo, na ile mikunjo ni tusi lililoandikwa mgongoni mwa mtu, kila mpita njia anasoma: dobi wa huyu ni mvivu. Kwa hiyo alisafiri na pasi. Pasi ya mkaa, ile nzito yenye kijogoo cha chuma kwenye komeo lake. Aliitia ndani ya debe lililotobolewa matundu, debe akalifunga kwenye keria kwa mpira, na mkaa ulikuwa umeshawaka tangu nyumbani. Upepo wa mwendo uliingia matunduni ukaupuliza. Akikimbiza baiskeli, pasi inakolea. Akisimama, inapoa. Akifika kwa mteja anatandika blanketi juu ya meza yoyote aliyopewa, anapitisha pasi mara ya mwisho, na mtu anavaa shati likiwa bado na joto. Mji mzima hakukuwa na dobi mwingine wa namna hiyo, na mama hakuacha watu wasahau.

Sasa mtu kama huyo, hebu mwambie asimame kwenye taa! Na taa zenyewe za pale makutano zilikuwa na usingizi. Ukizikuta nyekundu unaweza kupiga miayo, ukakumbuka madeni, ukasahau ulikokuwa unakwenda. Mkaa hauna subira hiyo.

Tena mama alikuwa na hoja. Pale makutano palipigiliwa kibao kilichoandikwa kwa herufi kubwa: VYOMBO VYOTE VYA MOTO VISIMAME TAA IKIWA NYEKUNDU. Mama alikisoma mara moja, akakirudia, akacheka hadi akashika mbavu.

"Chombo cha moto," aliniambia, "ni kile kinachokunywa mafuta kikanguruma. Gari. Pikipiki. Lori. Hii baiskeli yangu inakunywa nini? Inakunywa jasho langu. Baiskeli si chombo cha moto, mwanangu. Walioandika wanajua walichoandika."

Tangu siku hiyo akawa anapita kama yuko uani kwake. Matrafiki waliotangulia walimsimamisha kila mmoja kwa zamu yake, akawavuta hadi kwenye kibao, akawasomesha kama darasa la kwanza, wakakuna visogo wakamwachia. Mmoja alimwomba radhi, halafu akamwomba ampigie pasi kofia.

Ndipo akaja Mstari.

Mama hakuwaita wateja kwa majina yao. Aliwaita kwa nguo zao. Kulikuwa na Kola, kulikuwa na Kikwapa, kulikuwa na mheshimiwa mmoja mwenye gari kubwa aliyeitwa Suruali Moja, na mnaweza kukisia kwa nini. Yule trafiki mgeni aliitwa Mstari, na jina hilo halikuwa sifa. Alileta sare yake nyeupe, akaichukua, na kesho yake akarudi, amesimama mlangoni na suruali mkononi kama aliyebeba mgonjwa.

"Shikamoo mama. Samahani sana. Suruali ina mistari miwili."

Asiyejua kazi hii atauliza, kuna nini hapo? Mguu wa suruali una mstari mmoja wa pasi, mmoja tu, umenyooka kutoka kiunoni hadi chini. Ukikosea kuulaza juu ya ule wa zamani, inatoka mistari miwili iliyofuatana, na hiyo ni aibu ya dobi. Kumwambia dobi ana mistari miwili ni sawa na kumwambia mpishi kwamba maji yake yameungua. Na ubaya zaidi ni kwamba ilikuwa kweli. Mama aliinyakua, akairudia, na kuanzia hapo akamchukia yule kijana chuki ya kikazi, ambayo ni kali kuliko ya kawaida.

Mimi nilichokisikia ni lile "samahani sana." Alilisema kana kwamba suruali ndiyo iliyokosa na yeye amekuja kuiombea. Akawa anakuja mwenyewe kuchukua nguo, kisha akawa anakuja hata siku ambayo hana nguo ya kuchukua, tunazungumza kwenye kamba, yeye upande mmoja wa mashuka na mimi upande wa pili. Mtu mrefu, mpole, mkavu wa maneno, lakini akicheka anacheka kwa mabega. Nilimpenda, nisizunguke mbuyu. Tukakubaliana awalete wazee wake Jumapili ya mwisho wa mwezi. Mama nilimwambia tu kwamba kuna wageni wangu wa heshima wanakuja, na yeye, ambaye si mjinga, akaanza kuimba akifua. Jina la mgeni nilikuwa bado nalitafutia siku nzuri.

Basi siku ya kwanza aliyopangiwa zamu pale makutano ndiyo filimbi ikalia.

Mama alifunga breki mbele kidogo, kwa madaha, kama mtu aliyeitwa jukwaani. Watu waliokuwa kwenye vituo walisogea, maana walijua kinachofuata. Mstari akamfikia, akavua kofia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nini?"

"Umepita taa nyekundu, mama."

"Kibao kile unakiona? Kisome. Kwa sauti, na hawa wasikie."

Akasoma. Alisoma vizuri, hakuruka neno. Mama akapigapiga tandiko la baiskeli. "Haya. Hii ina injini? Ina tangi? Umewahi kuikuta kwenye kituo cha mafuta?" Watu wakacheka. Muuza magazeti akapiga makofi.

Mstari hakucheka. Alikuwa anatazama keria. Akainama, akanusa.

"Mama, humo ndani ya debe kuna nini?"

"Pasi."

"Na ndani ya pasi?"

"Mkaa. Pasi ya mkaa utatia nini, mchele?"

"Mkaa umewaka au haujawaka?"

"Umewaka."

"Mkaa ukishawaka, mama, unaitwaje?"

Mama alifungua mdomo. Namjua mama yangu tangu kuzaliwa kwangu, na sijawahi kuona mdomo wake ukifunguka na kufungwa bila kitu kutoka. Jibu halikutoka kwake. Lilitoka kwa umati wote, na muuza magazeti ndiye aliyeongoza.

"Motooo!"

"Basi hiki ni chombo," akasema Mstari taratibu, akiweka kiganja juu ya tandiko, "na kina moto. Naomba urudi nyuma ya mstari mweupe, usubiri kijani."

Mdomo ulikiponza kichwa. Mama akarudi. Akasubiri nyuma ya mstari, shingo imenyooka, moshi ukipungua nyuma yake, ukawa uzi, ukakatika. Alipofika kwenye nyumba ya wageni tuliyokuwa tukiifulia, pasi haikuweza kunyoosha hata leso, na meneja akayatazama mashati ya wahudumu akasema, "Mama Dobi, leo mashati yameletwa na upepo?" Alikuwa anatania. Mama hakulala.

Kesho yake alikuwa anapiga pasi bila kuniangalia. "Wageni wako wa Jumapili waje," alisema. "Lakini yule Mstari akikanyaga hapa mlangoni, mimi na yeye tutafikishana kwa wazee."

Nikaona bora nife mara moja. "Mama," nikasema, "mgeni ndiye huyo."

Aliendelea kuipiga pasi leso iliyokuwa mbele yake. Akaikunja, akaipiga. Akaikunja tena, akaipiga tena, ikawa ndogo na ngumu kama biskuti. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, na mama akishusha sauti ujue kumekucha: "Mkwe hamsimamishi mama mkwe barabarani mbele ya wauza magazeti. Achague. Taa au wewe. Akiniacha nipite, wazee wake nitawatandikia mkeka mpya. Asiponiacha, watakuta mlango umefungwa na mimi niko ndani nimeketi."

Nilimfuata Mstari makutano saa yake ya chai. Alikuwa kivulini kwa ukuta, kikombe mkononi. Nikamweleza. Nilitegemea acheke, kwa mabega, aseme nitageuza uso mama akipita, kwani nani ataona? Akaikoroga chai hadi ikapoa.

"Nikimwacha mama," akasema, "nitamsimamisha nani?"

"Wengine wote!"

"Na akigongwa? Nitakuja kukuoa na uso gani?"

"Mama hajagongwa hata siku moja."

"Anayegongwa huwa hajagongwa hata siku moja."

Hapo nikakasirika. "Basi oa taa," nikamwambia. "Ina rangi tatu, haitakuchosha." Nikaondoka, na nikalia hadi kona ya pili, ambapo nilinyamaza kwa sababu pale walinijua.

Mama naye hakulala kwenye hoja yake. Alitafuta dawa akaipata. Kama tatizo ni moto, moto hautakuwepo! Akaanza kusafiri na pasi baridi, mkaa mkavu kwenye mfuko, aukokee huko huko kwa mteja. Alichelewa, alipaliwa na moshi kwenye nyua za watu, lakini sheria ilikuwa yake tena. Akifika kwenye nyekundu anapiga kengele, anapaza sauti, "Baridiii!" na kupita. Mstari anapuliza filimbi, mama hageuki. Mstari angeweza kumkimbilia ashike baiskeli, lakini atamshikaje mama mkwe mtarajiwa kwa nguvu mbele za watu? Adabu ilimfunga miguu. Asubuhi watu wakawa wanakuja mapema makutano kutazama. Muuza magazeti alisema biashara haijawahi kuwa nzuri vile.

Na sare ya Mstari je? Iliendelea kufuliwa kwetu. Uadui ni uadui, kazi ni kazi. Ila mama alimzidishia wanga, hata suruali ikawa inaweza kusimama yenyewe pembeni, na yule maskini akawa anatembea zamu nzima kama mlango.

Sasa, dobi kabla ya kuloweka nguo hupekua mifuko. Siku moja nilimwona mama anatoa kitu kwenye shati la Mstari, anakitazama, anakisuuza, anakitia mfukoni mwa gauni lake. Filimbi.

"Mama, mrudishie."

"Kilichosahauliwa mfukoni ni cha dobi mpaka mwenyewe aulize. Ameuliza?"

Hakuuliza. Mtu gani, trafiki, aende kwa watu kusema nimepoteza filimbi? Angeona aibu kuliko mwalimu aliyesahau jina la shule. Asubuhi iliyofuata alikuwa anaongoza magari kwa mikono na macho tu.

Siku hiyo mama aliniambia nipande nyuma. "Kaa kwenye keria, shika debe. Uone mwenyewe ninavyopita, umsahau." Nguo tuliziweka kwenye kikapu cha mbele. Nilipewa na kazi: tukifika kwenye taa nifunue mfuniko, watu waone majivu. Nilitii. Jumapili ilikuwa imekaribia na moyo wangu ulikuwa umepoa kuliko ile pasi.

Taa ilikuwa nyekundu. Mama akapiga kengele. "Baridiii!" Nami nikafunua mfuniko, Mungu anisamehe, kama shahidi mahakamani.

Upande wa kulia kulikuwa na basi limesimama, na nyuma ya basi lile kulikuwa na lori la mchanga ambalo halikusimama. Sisi hatukuliona. Mama alikuwa anatazama mbele, mimi nilikuwa namtazama Mstari. Nikauona mkono wake, kwa mazoea, ukienda kifuani kutafuta filimbi. Ukapapasa mfuko mmoja, ukapapasa wa pili. Uso ukambadilika. Akafungua mdomo, na yule mtu mkavu wa maneno akatoa sauti ambayo hata watu wa sokoni waliisikia:

"MAMA MKWEEE!"

Mama alifunga breki zote mbili na miguu yote miwili. Si kwa hofu, kwa hasira. Baiskeli ikasimama kama imepigwa msumari, nami nikamgonga mgongoni na pua yangu, na lori likapita mbele ya gurudumu letu karibu sana, upepo wake ukazoa majivu yote ya debe ukatumwagia sisi, mashati, kikapu, kila kitu.

Hata honi zilinyamaza.

Mama alikuwa bado hajaelewa lililopita. Alikuwa ameelewa neno tu. Akamgeukia Mstari, aliyekuwa anatujia mbio na sare yake ngumu. "Nani mama mkwe wako? Ala! Wazee wako wameshafika kwangu? Nimeshakuitikia? Unaniita mama mkwe njiani, huna hata..." Hapo ndipo akalitazama lori, lililokuwa linapotelea mbali. Akayatazama magurudumu yake. Akanitazama mimi, mweupe kwa majivu, damu ikinitoka puani.

Sauti yake ikarudi ndogo. "Mbona hukupuliza fi..."

Neno halikuisha. Mkono wake ulikuwa umeshaingia mfukoni mwa gauni. Mstari alikuwa anahema hadi wanga wa sare ulikuwa unapiga kelele. Hakusema, mama unayo wewe. Mpaka leo hajawahi kusema.

Mama akaitoa, akaifuta majivu kwa pindo la gauni, pande zote mbili, akamwekea kiganjani.

"Imefuliwa," alisema. "Ila sijaipiga pasi."

Mstari akacheka kwa mabega, na machozi yakamtoka humo humo, na mimi nikawa nalia waziwazi, na muuza magazeti naye alikuwa anapenga kamasi, sijui yalimhusu nini.

"Jumapili waje," mama akaongeza. "Mchana. Asubuhi nina pasi."

Kisha akakokota baiskeli hadi nyuma ya mstari mweupe, bila kuambiwa, akaniamuru nipande. Tukasubiri. Taa ikageuka.

"Mama," Mstari akasema kwa upole, "kijani."

"Rangi nazijua. Mimi ni dobi."

Lakini hakuondoka. Nilikuwa nimekaa nyuma yake na nilikuwa naisikia baiskeli nzima ikitetemeka, kutoka usukani hadi kwenye keria, na nilijua si baiskeli. Taa ikarudi nyekundu, ikageuka tena kijani. Magari nyuma yetu yakaanza kupiga honi. Mstari akatoka, akasimama katikati ya barabara mgongo wake ukiwa kwetu, akayainulia mkono, akayazuia yote mpaka miguu ya mama iliporudi.

Tangu hapo mama alisimama kwenye kila taa nyekundu. Ukimwuliza kama amekubali kwamba baiskeli nayo ina sheria, alikuwa mkali: "Mimi sikusimamishwa na taa. Niliitwa." Na kwa kuwa hakukuwa na sababu tena ya kutembea na pasi baridi, moto ukarudi ndani ya debe. Akisimama kwenye taa, mkaa ukawa unaanza kufa vilevile kama zamani. Mstari akatafuta dawa naye. Mama akisimama nyuma ya mstari mweupe, alikuwa anatoka kwenye nafasi yake, anavua kofia nyeupe ya serikali, anapepea matundu ya debe, taratibu, jicho moja kwenye taa, mpaka kijani. Kofia ikaota masizi. Akaileta kwetu ifuliwe, na mama aliifua bila malipo, huku akilalamika.

Wazee walikuja, mkeka mpya ulitandikwa, na siku ya harusi mama hakuruhusu mtu mwingine ashike suruali ya bwana harusi. Alijifungia nayo chumbani karibu asubuhi yote. Alipotoka aliibeba kwenye mikono miwili, akaja nayo hadi mlangoni kwa Mstari, mimi nikiwa nachungulia. Mstari akaipokea, akaiinua kwenye mwanga. Nikaona anachokiona. Mistari miwili. Imenyooka, imefuatana toka kiunoni hadi chini, mguu wa kulia na mguu wa kushoto, kazi ya mtu aliyekusudia.

Mama akakunja mikono. "Una neno?"

Mume wangu hajawahi kumwacha mtu apite, si mkubwa wala mdogo, si wa gari wala wa miguu. Aliitazama suruali. Akamtazama mama. Kisha akanyoosha mkono wa kulia, akaupunga polepole kuelekea ukumbini, vilevile kama anavyofanya makutano barabara ikiwa wazi.

"Pita, mama."

Mama akapita, akaenda kukaa mbele.